Mansura 1250: jeshi lililokuwa na mfalme, jeshi lililofiwa na sultani

Wapiganaji wa msalaba waliotua kisiwani Saiprasi mwaka 1248 walikuta vilima vya ngano na shayiri vimerundikwa nje, mashambani. Mawakala wa mfalme wa Ufaransa walikuwa wametangulia zamani kununua nafaka hiyo. Mvua ilikuwa imeotesha tabaka la juu hata marundo yakaonekana ya kijani, lakini walipolibandua gamba hilo, nafaka ya chini ilikuwa nzima kana kwamba imepurwa jana. Aliyetuachia habari hizo ni Jean de Joinville, bwana kutoka Champagne, ambaye alisafiri na jeshi hilo na uzeeni akasimulia aliyoyaona.

Naanza na nafaka kwa sababu wanafunzi wengi tunaowapokea katika somo la historia ya vita huamini kwamba Vita vya Saba vya Msalaba vilishindwa kwa maandalizi duni, au kwamba Wafaransa waliponzwa na joto na maradhi ya Misri. Maradhi yalikuwepo, nitayafikia. Maandalizi lakini yalikuwa bora kuliko ya misafara karibu yote iliyotangulia. Mfalme huyo wa Ufaransa, Louis IX, aliweka nadhiri ya msalaba Desemba 1244, Yerusalemu ikiwa imeanguka miezi michache kabla. Akatumia zaidi ya miaka mitatu kukusanya fedha, kutoza kodi mapato ya kanisa, kukodi meli na kuiendeleza bandari ya Aigues-Mortes alikopandia meli Agosti 1248. Wanahistoria wengi hulikadiria jeshi lake kuwa watu wapatao 15,000.

Na mwanzo wake ulikuwa wa baraka. Tarehe 5 Juni 1249 jeshi lilishuka ufukweni karibu na Damietta, kwenye mdomo wa mto Nile, mfalme mwenyewe akiruka majini na silaha zake. Kesho yake mji ulikuwa mtupu. Amiri Fakhr al-Din, kamanda wa Wamisri, alikuwa ameondoa askari wake usiku, na walinzi wa mji walipoona hivyo wakakimbia, wakaacha hata daraja la mashua bila kulikata. Ni mji uleule ambao wapiganaji wa msalaba wa kizazi kilichopita waliuzingira kuanzia 1218 wakaupata Novemba 1219.

Louis hakusonga mbele mara moja. Mwaka 1221 jeshi lililotoka Damietta kuelekea Kairo lilinaswa na mafuriko ya Nile, Wamisri wakafungulia maji mifereji, likasalimu amri katikati ya matope. Louis aliijua habari hiyo, kwa hiyo akangoja maji yapungue, na akamngoja pia mdogo wake Alphonse aliyekuwa njiani na askari zaidi. Kungoja huko hulaumiwa sana. Mimi naona kulikuwa na busara. Kosa lilianzia kwenye baraza lililofuata, ambapo mabwana wengi walishauri waende Alexandria, bandari nzuri inayoweza kupokea chakula kwa meli. Ndugu mwingine wa mfalme, Robert wa Artois, akasimama akasema: anayetaka kumuua nyoka ampondeponde kichwa. Kichwa kilikuwa Kairo. Mfalme akamfuata ndugu yake. Novemba 20 safari ikaanza.

Siku chache tu baadaye, huko Mansura, mji ulio kwenye njia ya kwenda Kairo, sultani wa Misri al-Salih Ayyub alifariki. Alikuwa mgonjwa kwa muda mrefu, na alikuwa amebebwa kutoka Syria ili aje kuongoza ulinzi. Adui yuko njiani, mrithi wake Turanshah yuko mbali kule Hisn Kayfa, karibu na mto Tigris. Dola inayomtegemea mtu mmoja ingesambaratika wiki hiyohiyo.

Aliyeizuia isisambaratike ni mjane wake, Shajar al-Durr, mwanamke aliyeingia nyumba ya sultani kama kijakazi. Aliwaita watu wawili, Fakhr al-Din na towashi mkuu wa ikulu, wakakubaliana kuficha msiba. Maiti ilisafirishwa kwa siri kwa mashua. Chakula kiliendelea kupelekwa hemani kama kawaida, watu wakaambiwa sultani anaumwa haonani na mtu, na amri ziliendelea kutoka zikiwa na saini yake. Mjumbe akatumwa kumleta Turanshah. Tetesi zilivuja, kama zinavyovuja siku zote, hata Wafaransa wakazisikia. Hata hivyo jeshi la Misri liliendelea kupokea amri na kuzitekeleza kwa miezi kama mitatu bila kuwa na sultani. Hilo kwangu ndilo jambo kubwa kuliko yote katika vita hivi, na vitabu vingi hulipitia kwa sentensi mbili.

Desemba Wafaransa walifika ng'ambo ya Mansura wakakuta mfereji mpana umewatenganisha na mji. Walianza kujenga tuta la kuvukia, wakilikinga kwa minara ya mbao. Kila walipojaza udongo upande wao, Wamisri walichimba ukingo wa upande wa pili, maji yakabaki na upana uleule. Usiku ukirushwa moto wa Kigiriki, yaani mchanganyiko unaowaka na mgumu kuuzima, minara ikateketea. Walikwama wiki sita hivi, hadi mwenyeji mmoja Mbedui alipojitolea kuwaonyesha kivuko kwa malipo ya bezanti 500, sarafu za dhahabu.

Walivuka alfajiri ya Jumanne, 8 Februari 1250. Mpango ulikuwa wazi: Watemplari, watawa wapiganaji waliozoea vita vya nchi hizo, watangulie, Robert wa Artois awafuate, na asishambulie mtu mpaka mfalme avuke na kikosi kikuu. Robert alipofika ukingoni aliwavamia Wamisri palepale. Watemplari walilalamika kwamba amewavunjia heshima kwa kuwapita. Mpiganaji aliyemshikia Robert hatamu ya farasi alikuwa kiziwi; hakusikia neno la malalamiko yao, akaendelea kupaza sauti, "Wavamieni! Wavamieni!" Watemplari wakaona aibu kubaki nyuma, wakawachochea farasi wao.

Kambi ya Misri ilishtukizwa. Fakhr al-Din, kamanda aliyeshika mahali pa sultani, alikuwa ndiyo kwanza atoke kuoga. Akapanda farasi bila kujifunga silaha, akauawa. Laiti Robert angesimama hapo, ushindi ungekuwa wake. Aliwafukuza waliokimbia hadi ndani ya mji, kwenye vichochoro ambamo farasi mkubwa wa vita hana pa kugeukia.

Wakati huo Wamisri hawakuwa na sultani wala amiri mkuu. Waliosimama ni Wamamluk wa Bahri, askari walionunuliwa wakiwa vijana wa Kituruki, wakafunzwa pamoja katika kambi ya kisiwa cha Rawda mtoni Nile. Miongoni mwao alikuwamo Baybars, ambaye miaka kumi baadaye angekuwa sultani. Walifunga njia, wakawabana wavamizi mitaani. Robert alikufa humo. Joinville anataja wapanda farasi wapatao 300 waliopotea pamoja naye, na Watemplari 280. Wamamluk hawakusubiri kuambiwa la kufanya kwa sababu walikuwa wamelelewa kulijua.

Louis alivuka akakuta vita vimeshaharibika. Alipigana siku nzima kwa ujasiri ambao hata anayemlaumu lazima aukiri, akaushikilia ukingo wa mfereji. Jioni mtawa mmoja wa Hospitali, chama kingine cha watawa wapiganaji, alipoulizwa habari za Robert alijibu kwamba ana hakika yuko peponi. Mfalme akalia.

Baada ya hapo kulikuwa na njia moja ya busara: kurudi Damietta wakati askari bado wana nguvu. Louis alibaki karibu miezi miwili. Huenda aliona kuondoka ni kuisaliti damu ya nduguye, huenda alitumaini Wamisri watafarakana. Turanshah alifika mwishoni mwa Februari, na Wamisri wakafanya jambo ambalo Wafaransa hawakulitarajia: walivunjavunja mashua, wakazibeba vipande vipande juu ya ngamia, wakaziunga tena upande wa chini wa mto, kati ya kambi ya Wafaransa na Damietta. Meli za chakula zikawa zinakamatwa njiani. Ile ngano yote haikuwa na faida tena. Kiseyeye kikaingia, vinyozi wa kambini walikata nyama iliyooza kwenye fizi za watu ili waweze kutafuna. Mfalme mwenyewe aliharisha damu.

Usiku wa 5 Aprili waliondoka. Louis aliamuru kamba za daraja lao la mashua zikatwe nyuma yao. Hazikukatwa, na Wamisri wakavuka juu ya daraja hilo kuwafuata. Siku iliyofuata mfalme akiwa hajiwezi kijijini, na Philippe de Montfort, mmoja wa mabwana wake, akiwa katikati ya kuafikiana masharti na amiri wa Misri, askari mmoja aliyeitwa Marcel alipiga kelele kwamba mfalme ameagiza watu wote wajisalimishe. Mfalme hakuagiza kitu. Wakatupa panga zao. Amri ya Februari haikutiiwa, ya daraja haikutekelezwa, na hii ambayo haikutolewa kabisa ikatiiwa na jeshi zima. Louis akafungwa Mansura, katika nyumba ya Ibn Luqman, ambayo siku hizi ni makumbusho.

Damietta nako alikuwako Malkia Margaret, mja mzito. Alijifungua mtoto wa kiume siku chache baada ya kusikia kwamba mumewe ametekwa. Papo hapo akaambiwa mabaharia wa Genoa na Pisa wanataka kuondoka na meli zao. Aliwaita chumbani akiwa bado kitandani, akawasihi. Waliposema hawana chakula, akaagiza chakula chote cha mji kinunuliwe kwa fedha za mfalme. Wakabaki. Bila mji huo mkononi, Louis hangekuwa na cha kujikombolea. Katika upande wa Ufaransa sijaona uamuzi wa kijeshi uliozaa matunda kuliko huu wa mzazi aliye kitandani.

Turanshah alidai bezanti 1,000,000. Louis alisema atalipa fedha kwa ajili ya watu wake, na kwa ajili yake mwenyewe atatoa Damietta, maana mfalme hanunuliwi kwa pesa. Sultani alistaajabu kuona hakubembeleza bei, akapunguza 200,000.

Turanshah hakuishi kuipokea. Alikuwa amekuja na watu wake kutoka Hisn Kayfa, akawa anawapa vyeo na kuwadharau Wamamluk waliomwokolea nchi. Tarehe 2 Mei walimuua, na Shajar al-Durr akatawazwa kuwa malkia wa Misri. Maamiri waliheshimu mkataba. Damietta ilikabidhiwa siku nne baadaye, nusu ya fidia ikalipwa, mfalme akasafiri kwenda Acre, mji wa pwani uliokuwa mikononi mwa wapiganaji wa msalaba.

Wengi walimshauri arudi nyumbani. Alikataa, kwa sababu maelfu ya askari wake walikuwa bado kifungoni Misri. Alikaa miaka minne, akijenga upya kuta za Caesarea, Jaffa na Sidon, na mwaka 1252 alipata makubaliano na Wamamluk yaliyowafungua mateka waliosalia na kuifuta nusu ya fidia iliyobaki. Alipanda meli kurudi Ufaransa Aprili 1254.