Kubuni nguo za mtindo wa zamani ukiwa Moshi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Nina cherehani mbili, meza ya kukatia na chumba cha kupanga hapa Moshi, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikishona nguo zinazochota kwenye mitindo ya miaka ya 1950 hadi 1970. Wadogo zangu wanaotaka kuingia kazi hii huja na maswali, na ndani ya maswali hayo huwa kuna mambo waliyokwisha kuyaamini. Baadhi hayana madhara. Mengine yamewamalizia mtaji watu ninaowafahamu, na ndiyo yaliyonifanya niandike.

"Vinteji ni mtumba tu uliopewa jina zuri."

Sivyo. Mtumba ni njia ambayo nguo imeifikia soko. Vinteji ni umri wake. Wauzaji wa nguo za zamani kwa kawaida huita vinteji nguo iliyofikisha angalau miaka 20, na ikishapita 100 huhesabiwa kuwa kitu cha kale. Belo la mitumba likifunguliwa soko la Memorial hapa Moshi, nguo nyingi zinazomwagika pale zilishonwa miaka michache tu iliyopita, kwa haraka na kwa gharama ndogo. Ya zamani ya kweli inaweza kuwa moja, au isiwepo kabisa.

Ukitaka kuitambua, usitazame maua ya kitambaa. Igeuze uone upande wa ndani. Gauni la miaka ya 1950 mara nyingi lina zipu ya chuma iliyowekwa ubavuni, chini ya kwapa. Zipu za nailoni zilienea kuanzia miaka ya 1960. Tazama kitambaa kilichoachwa kwenye mishono: mafundi wengi wa wakati ule waliacha cha kutosha ili gauni lifumuliwe na kuongezwa mwenyewe akinenepa. Tazama lebo. Marekani ilianza kuwalazimisha watengenezaji kuweka maelekezo ya kufua mwaka 1972, kwa hiyo nguo ya huko isiyo na maelekezo hayo inaweza kuwa ya kabla ya hapo. Inaweza, maana lebo hukatwa. Zipu ya chuma nayo peke yake haithibitishi kitu, jinzi iliyoshonwa mwaka jana inayo. Subiri dalili tatu au nne zikubaliane ndipo uamini.

"Mitindo ya zamani ni ya Wazungu, sisi tunaiga tu."

Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote. Kijana anafungua simu, anaona sketi pana za Christian Dior za mwaka 1947, anaamini historia ya mavazi ilianzia Paris ikaishia London. Wakati huohuo bibi yake kule Marangu ana sanduku la bati chini ya kitanda, na huyo mjukuu hajawahi kuomba lifunguliwe.

Muombe bibi. Mle ndani kunaweza kuwa na gauni la kitenge lenye kiuno cha juu, blauzi ya mikono iliyojaa marinda begani, suruali ya bugaluu ya babu, na bahasha ya picha za studio ambamo watu wamesimama wima mbele ya pazia lililochorwa. Picha hizo ni shule. Zinaonyesha pindo lilifika wapi mguuni, mkono ulibana wapi, kanga ilifungwaje juu ya gauni. Waulize wazee kuhusu raizoni, viatu vile vya soli nene, na kuhusu suti za Kaunda. Waulize kitambaa kilitoka wapi, maana kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, na hapo jirani zetu Arusha kulikuwa na Kiltex.

Na nguo kwetu ilikuwa jambo zito. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: sketi fupi, mawigi na suruali za kubana vipigwe marufuku kuanzia tarehe 1 Januari 1969, kwa hoja kwamba vinapingana na utamaduni wa taifa. Azimio la Arusha lilikuwa na umri usiofika miaka miwili. Hata kabla ya tarehe hiyo kufika, wasichana waliovaa sketi fupi Dar es Salaam walisumbuliwa mitaani. Kwa hiyo sketi fupi ya London ya 1968 na ya Tanzania ya mwaka huohuo si nguo moja, hata vipimo vikilingana inchi kwa inchi. Ya kwetu ilivaliwa na msichana aliyejua kwamba anaweza kuzuiwa njiani kabla hajafika aendako. Nilipolielewa hilo niliacha kushona sketi fupi kama pambo, nikaanza kufikiria aliyeivaa alitembeaje, alikaaje kwenye basi, mfuko wake aliuweka wapi.

"Ukilikopi gauni la zamani vilevile, umeshabuni."

Kukopi ni zoezi zuri sana la mikono, na kila anayeanza ninamshauri afanye hivyo mara kadhaa. Lakini kopi hukwama mara tu mwili, kitambaa na hali ya hewa vinapobadilika. Magauni mengi ya miaka ya 1950 yalikatwa kwa mwanamke aliyevaa kikaza tumbo ndani. Mteja wangu havai kikaza, na Februari Moshi joto lake unalijua.

Chukua sketi ya duara, ile inayopendwa na kila mtu. Kiuno cha inchi 28 ukikigawanya kwa 6.28 (pai mara mbili) unapata inchi 4 na nusu, ndiyo nusu kipenyo ya tundu la kiuno. Ongeza urefu wa sketi, inchi 27, unafika 31 na nusu. Duara zima lingehitaji kitambaa chenye upana wa inchi 63, na kitenge kina kama 45 au 46. Hivyo unakata nusu duara mbili, kila moja ikila inchi 63 za urefu: jumla inchi 126, yaani yadi 3 na nusu. Ukiweka mishono na pindo, hesabu yadi 4. Katika yadi 6 za kitenge zinabaki 2 za sehemu ya juu na mikono. Inatosha, lakini bila nafasi ya kukosea.

Hesabu hiyo niliifanya vizuri nilipopata oda yangu ya kwanza ya sketi ya aina hii. Nilichosahau ni ndege. Kitenge alicholeta dada yule kilikuwa na ndege waliosimama, na kwenye sketi ya duara mchoro huzunguka pamoja na kitambaa. Mbele ndege walisimama, ubavuni wakalala kifudifudi. Halafu nikakunja pindo siku ileile. Sehemu zilizokatwa mshazari hunyooka kwa uzito wake zenyewe, kwa hiyo baada ya wiki sketi ikawa imeshuka pande mbili na kupanda pande nyingine. Siku hizi sketi ya duara inalala imening'inizwa usiku mzima kabla sijagusa pindo. Kwa kitenge chenye ndege, samaki au maneno, ninaacha duara na kushona mapande sita, kila pande likiwa limesimama wima. Umbo la zamani linabaki, na mchoro wa kitenge unabaki na heshima yake. Mimi ninaona ubunifu unaanzia hapo, pale kitambaa kinapokukatalia.

"Bila chuo cha mitindo huwezi kufika." Na nyingine inayotembea nayo: "Kipaji kinatosha."

Mbunifu wa mavazi Vivienne Westwood wa Uingereza alianza kama mwalimu wa shule ya msingi. Alijifunza kukata kwa kufumua nguo za zamani, na mwaka 1971 yeye na mwenzake Malcolm McLaren walianza kuuza nguo za mtindo wa miaka ya 1950 kwenye duka la King's Road, London. Mbunifu wetu Mustafa Hassanali alisomea udaktari kabla ya kuanzisha maonyesho ya mitindo ya Swahili Fashion Week mwaka 2008. Ila soma vizuri hadithi hizo: hakuna aliyekwepa kujifunza. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, hufundisha ubunifu wa mavazi na ushonaji, na fundi mwenye subira barazani kwake anafundisha pia. Nunua gauni bovu la mtumba, lifumue mshono kwa mshono, panga vipande juu ya gazeti, chora patani, yaani mchoro wa kukatia, kisha lirudishe lilivyokuwa. Ukilifanya hilo kwa nguo kumi utakuwa umejua mengi.

"Kujitegemea ni kufanya kila kitu mwenyewe."

Sina mashine ya ovaloki, ile inayofunga kingo za kitambaa zisichomoke nyuzi. Ninapeleka kwa kaka mmoja mtaa wa pili, na matundu ya vifungo yanashonwa na mama mwenye mashine ya kazi hiyo. Kujitegemea ni kwamba uamuzi wa nguo itakuwaje na itauzwaje ni wangu. Hapohapo niseme jambo la BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, maana wengi hujichanganya: kusajili jina la biashara si sawa na kusajili alama ya biashara. Ni usajili wa aina mbili, na anayetaka kuilinda lebo anayoishona kwenye kola anahitaji huo wa pili.

"Kitambaa 24,000, nimeuza 45,000, faida 21,000."

Hapa ndipo mtaji unapofia. Hesabu ya gauni moja kwenye daftari langu ilikuwa hivi: kitenge 24,000, bitana 8,000, zipu 1,000, uzi 1,000, ovaloki 2,000. Jumla 36,000. Sehemu ya pango na umeme nikaiweka 5,000. Kisha saa zangu: kupima, kukata, kushona, kujaribisha na kurekebisha zilikuwa 9, nami nilijipangia 3,000 kwa saa, yaani 27,000. Gauni limenigharimu 68,000 kabla ya faida yoyote. Nikiliuza 45,000 nimemlipa mwenye duka la vitambaa, nimemlipa kaka wa ovaloki na mwenye nyumba, na saa zangu 9 nimepewa 4,000. Anayetengeneza upya nguo za mtumba hujidanganya zaidi, kwa sababu nguo ya 2,000 inaonekana kama bure, wakati kufumua na kusafisha madoa kunaweza kula siku nzima.

"Wateja wa vitu hivi ni watalii."

Wapo, hasa Arusha mjini, na ni wateja wazuri. Lakini mvua za masika zinapoanza magari ya watalii hupungua, na pango halipungui. Wateja wanaoniweka mjini ni wa hapahapa: send-off, mahafali, kipaimara, ubarikio, na Desemba, Wachaga wanaporudi nyumbani na kila ukoo unataka kupendeza kwenye picha moja.

Desemba mmoja mama wa Machame alikuja na picha ya marehemu mama yake ya mwaka 1971, nyeusi na nyeupe, iliyopasuka kona. Alitaka binti yake avae gauni lile siku ya ubarikio. Tulikaa na picha hiyo muda mrefu, tukibishana kama ule mstari kiunoni ni mkanda au ni mshono. Kola niliiacha kama ilivyo. Kiuno nilikishusha kidogo, mikono nikaipa nafasi zaidi, kwa sababu binti anacheza netiboli na mabega yake ni mapana kuliko ya bibi yake. Na kwenye mishono ya ubavuni niliacha inchi moja na nusu kila upande, kwa kuwa ana miaka 14 na bado anakua.