Trela ya plastiki kwenye spinabeiti: tazama mwendo kabla ya sura

Wavuvi wanaoanza kuvua besi, samaki mwindaji wa maji yasiyo na chumvi, huniuliza swali moja kila mara. Spinabeiti ina sketi, ina vijiko vinavyometa, samaki anaifuata. Trela ya plastiki laini ni ya kazi gani tena? Ukweli ni kwamba bila trela utavua, na zipo siku mimi mwenyewe naichomoa na kuiweka mfukoni. Ila wengi wanaoiweka wanaichagua kwa macho yao wenyewe, kwa rangi na umbo, kama vile wanapamba. Trela nzuri huchaguliwa kwa jinsi inavyobadili mwendo wa chambo majini.

Kwa asiyeifahamu, spinabeiti ni chambo bandia cha waya uliokunjwa mfano wa herufi V iliyolazwa. Mkono wa chini una kichwa cha risasi, sketi ya nyuzi za silikoni na ndoano inayotazama juu. Mkono wa juu unabeba kijiko kimoja au viwili vya bati jembamba, vinavyozunguka unapokunja mshipi. Trela ni kipande cha plastiki laini unachokichomeka kwenye ndoano, mkia wake ukachomoza nyuma ya sketi.

Sasa ukiichomeka, unaongeza vitu viwili vinavyovutana: uzito na ukinzani wa maji. Uzito unakusaidia kurusha, hasa upepo unapokupiga usoni. Ukinzani unafanya chambo kishuke taratibu kinapotua, na kiinuke juu unapokivuta. Kwa trela nyingi, ukinzani ndio unaoshinda. Spinabeiti ya gramu 14 yenye trela nene, ukiivuta kwa kasi ileile uliyoizoea, itapita juu zaidi kuliko ile isiyo na trela. Kwa maneno mengine, umepewa ruhusa ya kupunguza kasi na bado chambo kikabaki kwenye kina kilekile.

Hapo ndipo faida yake kubwa ilipo. Chukua magugu yaliyokua hadi kubakiza nusu mita kufika juu ya maji. Ukivuta upesi, besi aliyejificha ndani anaona kitu kimepita na kutoweka. Ukivuta polepole bila trela, chambo kinazama na kuzoa majani. Trela inakuwezesha kupita juu ya majani hayo kwa mwendo wa kumvuta samaki atoke.

Lakini geuza hali. Maji yamepoa, yako chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, besi wamelala karibu na chini na hawataki kukimbiza kitu. Unataka chambo kitambae kwenye sakafu ya maji, vijiko vikizunguka kivivu. Trela nene hapa ni adui, maana inakinyanyua pale usipotaka. Mimi huchukua kichwa kizito zaidi, cha gramu 21, na kuweka trela nyembamba yenye mkia uliopasuliwa, unaotikisika kidogo tu. Wakati mwingine siweki kabisa.

Vijiko navyo vina usemi wao. Kijiko cha duara, kile kiitwacho Colorado, hukamata maji mengi, hutoa mtetemo mkubwa na huinua chambo. Kijiko kirefu chembamba mfano wa jani hukata maji, humeta zaidi, hutetema kidogo na hukuruhusu kuvuta kwa kasi. Besi huusikia mtetemo kwa mstari wa hisia ulio ubavuni, kwa hiyo kwenye maji ya tope anakitambua chambo kabla hajakiona. Katika tope natumia kijiko cha duara pamoja na trela yenye kiwiliwili kinene, ili akifika akute kitu cha kushika. Katika maji maangavu natumia vijiko vya jani na trela nyembamba yenye umbo la samaki mdogo, isiyozidi sketi kwa zaidi ya sentimita 3.

Tahadhari ni kwa mikia mipana ile inayopiga kama kasia. Inapendeza sana ikiwa mkononi, na inavua vizuri sana ikilingana na chambo. Ikizidi, mkia unakiyumbisha chambo kizima hadi kinalala ubavu, na vijiko vinazunguka kwa kukwama-kwama. Utaujua ugonjwa huu kwa mkono: ncha ya fimbo ya kuvulia inayopaswa kutetema mfululizo inatetema, inanyamaza, inatetema tena. Kwa sababu hiyo kila trela mpya naijaribu karibu kwanza. Naachia kama mita 2 za mshipi, naivuta taratibu mbele ya miguu yangu kwenye maji ninayoyaona. Kichwa kimesimama wima? Vijiko vinaanza kuzunguka mara tu ninapoanza kuvuta? Kama kinainama, nakata nusu sentimita upande wa kichwa cha trela na kujaribu tena. Mara nyingi kipande hicho kidogo kinatosha.

Kuchomeka nako kuna ufundi. Laza trela kando ya ndoano, utie alama kwa ukucha pale mkunjo wa ndoano unapoishia. Ingiza ncha katikati kabisa ya pua, ipitishe katikati ya mwili, itokee kwenye alama. Plastiki ikikunjamana hata kidogo, chomoa uanze upya. Trela iliyopinda inakizungusha chambo na kuusokota mshipi. Iliyonyooka, tone moja la gundi kali shingoni huizuia isiteleze kila samaki anapoivuta.

Angalia pia nafasi kati ya ncha na shina la ndoano. Asubuhi moja samaki walikipiga chambo changu mara sita nikatoa mmoja tu. Nililaumu samaki, nikalaumu fimbo, hadi nilipotazama kwa utulivu: trela nene niliyoipenda ilikuwa imejaza mkunjo wote wa ndoano, ncha ikawa haina pa kuingilia. Niliipunguza unene kwa kisu upande wa tumboni, na samaki wakaanza kushika.

Kama wanagusa mkia tu na kuuachia, fupisha trela kwanza. Wakiendelea, weka ndoano ya pili: ichomeke juu ya ile kubwa baada ya trela kukaa, kisha kipande kifupi cha mpira kiizuie isichomoke. Penye magugu, ncha yake itazame juu kama ya kwanza.

Kuhusu plastiki yenyewe, ile iliyotiwa chumvi huzama haraka na huchanika upesi. Ile inayonyumbuka sana kama mpira huelea na kuinua mkia, na hudumu kwa samaki wengi. Ndiyo ninayoipendelea juu ya magugu. Ihifadhi peke yake kwenye mfuko wake wa asili. Ukiichanganya na plastiki za kawaida kwenye boksi moja, zitayeyushana na kugandamana, na hakuna hata moja utakayoweza kuitumia tena.