Filamu Ndefu kwa Kompyuta Ndogo: Anza na Nakala Nyepesi

Vijana wengi wanaotujia kuulizia uhariri wa filamu hapa Bagamoyo huanza na bei: ninunue programu gani? Miaka ya 1990 swali hilo lilikuwa zito kweli. Mtambo wa kuhariri wa Avid uligharimu makumi ya maelfu ya dola, na wenye uwezo huo walihesabika. Mwaka 1999 Apple ikatoa programu ya kuhariri ya Final Cut Pro kwa dola 999, na Walter Murch, mhariri aliyekwishashinda tuzo za Oscar, akaitumia kuhariri Cold Mountain, filamu kubwa iliyotoka mwaka 2003. Leo DaVinci Resolve ina toleo la bure linalotoa picha hadi pikseli 3840 kwa 2160, yaani 4K. Kdenlive na Shotcut hazidai hata senti.

Kwa hiyo kikwazo si bei ya programu tena. Filamu nyingi hukwama kwa sababu ya uzito wa mafaili, na hilo lina dawa.

Tuseme umerekodi asubuhi pale soko la samaki, ngalawa zikiingia. Kamera nyingi za bei nafuu, ili kubana nafasi, hazihifadhi nzima kila fremu, yaani kila picha moja moja inayounda video. Huhifadhi moja kamili, kisha kwa zinazofuata huandika kilichobadilika tu: tanga limesogea, wimbi limevunjika, mbingu ni ileile. Ukikata katikati, kompyuta inabidi irudi kwenye fremu kamili iliyo karibu na kuzijenga upya zote hadi pale ulipokata. Ndipo picha inapoanza kukwamakwama, feni inavuma, na mhariri anachoka kabla hajaupata mkato anaoutaka. Inauma kuona mtu anauza kamera ili anunue kompyuta kubwa zaidi wakati aliyonayo ingetosha.

Dawa yenyewe ni nakala nyepesi (kwa Kiingereza proxy): nakala ndogo ya kila faili, ya kuhariria tu. Picha za 4K zenye megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa. Ukiwa na saa 40 za picha ghafi, umefika terabaiti 1.8. Nakala ndogo za megabiti 8 kwa sekunde huchukua gigabaiti 3.6 tu kwa saa, yaani 144 kwa filamu nzima, na hizo zinaenea kwenye laptopu ya kawaida. Programu zote tatu nilizotaja za bure huzitengeneza zenyewe. Iache kompyuta ifanye kazi hiyo usiku. Utahariri ukitumia nakala, na mwishoni programu itarudi kwenye picha asilia, ambako ndiko rangi zinakofanyiwa kazi. Sharti ni moja: usibadilishe majina ya mafaili wala kuhamisha folda katikati ya kazi, kwa kuwa programu inazitafuta asilia kwa jina na mahali.

Mengine huamuliwa wakati wa kurekodi. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo rekodi kwa fremu 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) ya 1/50 ya sekunde, la sivyo taa za ndani zinaweza kumetameta kwenye picha. Wanaotumia simu wawe waangalifu zaidi: simu nyingi hubadilisha idadi ya fremu zenyewe, na kwenye tukio refu midomo na sauti huachana. Programu ya HandBrake, nayo ya bure, huziweka fremu katika kasi moja kabla hujaanza kukata.

Picha asilia ziwe kwenye diski mbili, kila moja nyumba yake. Hewa ya chumvi ya pwani haina urafiki na vifaa vya umeme. Washa pia kipengele cha kuhifadhi kazi kila baada ya dakika chache, maana umeme haupigi hodi ukikatika.

Na kabla ya siku ya kwanza ya kurekodi, piga dakika mbili kwa kamera ileile mtakayoitumia. Tengeneza nakala, kata, rudi kwenye asilia, toa faili la mwisho, litazame lote. Kasoro ikijitokeza, bado mna muda wa kubadili mpangilio wa kamera kabla waigizaji hawajafika kurekodi kule Kaole.