Ukimya wa kifurushi si ushahidi wa kupotea

Wateja wengi huamini kwamba namba ya ufuatiliaji huonyesha mahali kifurushi kilipo kwa wakati huo, na kwamba taarifa isipobadilika kwa siku kadhaa, basi mzigo umepotea au umesahauliwa ghalani. Sivyo. Kinachoonekana kwenye skrini ni kumbukumbu ya mara ya mwisho msimbopau, yaani ile alama ya mistari iliyo kwenye lebo, uliposomwa na mashine. Kifurushi kikishafungiwa ndani ya kontena pamoja na vingine vingi, kwa kawaida hakisomwi tena kimoja kimoja hadi kontena lifunguliwe upande wa pili, hata kama njiani limevuka bahari nzima. Taarifa ya kwanza kabisa, ile inayosema lebo imetengenezwa, ndiyo huwapa watu faraja isiyostahili, kwa kuwa lebo huweza kuchapishwa huku bidhaa ingali rafuni.

Mhudumu wa wateja naye, mara nyingi, husoma kumbukumbu hizo hizo. Kumuuliza kiko wapi sasa hakuzai jibu jipya. Aulizwe kilisomwa mara ya mwisho wapi, lini, na ni baada ya siku ngapi za ukimya ndipo msafirishaji hukubali kufungua uchunguzi.