Andika jina lako kwenye sanduku la barua: kwa anayekuja kusoma muhula mmoja Ujerumani

Kila mwisho wa Septemba simu yangu huanza kuita usiku. "Dada, shikamoo. Nimefika, niko mlangoni hosteli, hakuna mtu." Nafanya kazi katika ofisi inayopokea wanafunzi wa kubadilishana kwenye chuo kikuu kimoja cha Ujerumani, na nikipokea simu ya namna hiyo sihitaji kuuliza siku. Ni Jumamosi. Tiketi ya Jumamosi ilikuwa nafuu, kwa hiyo mtu kaikata, na sasa amesimama na masanduku mawili mbele ya jengo ambalo msimamizi wake alifunga ofisi tangu Ijumaa mchana na funguo zote zimo humo. Kesho yake ni Jumapili, maduka yamefungwa kwa sheria, na pa kununua maji na mkate ni stesheni ya treni au kituo cha mafuta.

Kwa hiyo tua kati ya Jumatatu na Alhamisi, asubuhi ukiweza. Kama tiketi imeshakatwa, lipia usiku mmoja au miwili kwenye nyumba ya wageni karibu na stesheni, kisha uwaandikie wenye hosteli mapema uwaulize funguo zinachukuliwa wapi na saa ngapi.

Hilo ni dogo. Kubwa ni anwani. Wanafunzi wengi wanaotoka kwetu hujiandaa kwa baridi na kwa lugha, na wote hushangaa wakikuta kwamba kinachowasumbua mwezi wa kwanza ni karatasi, na kwamba karatasi hizo zimefungwa pamoja kama shanga. Ukivuta moja unaambiwa lete nyingine kwanza. Uzi wenyewe ni mahali unapoishi.

Sheria ya Ujerumani inataka kila anayehamia kwenye makazi ajiandikishe kwa serikali ya mji ndani ya wiki mbili. Tendo hilo linaitwa Anmeldung, na neno hili utalisikia kila dirisha. Unakwenda na pasipoti pamoja na karatasi yenye jina refu kuliko treni ya mwendokasi: Wohnungsgeberbestätigung. Ni fomu ya ukurasa mmoja ambayo mwenye nyumba anatia saini kuthibitisha kwamba kweli umehamia kwake. Mkataba wa pango peke yake hautoshi. Ukishajiandikisha ndipo namba yako ya kodi ya mapato inakuja kwa posta, ndipo ofisi ya wageni inakupokea kwa ajili ya kibali cha ukaazi, na benki nyingi nazo ndipo zinakufungulia akaunti bila maswali mengi.

Sasa angalia yaliyompata kijana mmoja niliyempokea miaka michache iliyopita. Alikuwa na jamaa yake mjini, na kama ilivyo desturi yetu jamaa akasema, chumba cha nini, njoo ukae kwangu. Wema mtupu. Lakini jamaa mwenyewe alikuwa amepanga, na mwenye nyumba hakutaka kusikia habari ya mtu wa pili. Bila saini hakuna kuandikishwa, na kijana alikaa wiki saba akiwa kama hayupo nchini. Tulimpatia chumba mwishoni mwa Novemba, tena kwa bahati. Kwa hiyo, kabla ya kukubali chumba chochote, kiwe cha ndugu, cha rafiki au cha mtandaoni, uliza swali moja: nitaweza kujiandikisha hapo? Akijibu "tutaona", tafuta kwingine.

Na huyo wa mtandaoni umwogope. Yule anayesema yuko nje ya nchi kikazi, nyumba ni nzuri, bei ni ya kutupa, na atakutumia funguo kwa posta ukishalipa amana, hana nyumba. Anza na hosteli za shirika la huduma za wanafunzi, Studierendenwerk. Omba siku ileile unayopata barua ya udahili, maana foleni ni ndefu. Ukisoma matangazo, jua kwamba Kaltmiete ni kodi tupu na Warmmiete ni kodi pamoja na gharama za kupasha nyumba joto, maji na taka. Umeme na intaneti vinaweza kuwa vimo au havimo, uliza. Amana haiwezi kuzidi kodi tupu ya miezi mitatu, na sheria inakuruhusu kuilipa kwa awamu tatu za kila mwezi. Wapangaji wengi hawalijui hili, na wenye nyumba hawana haraka ya kuwaambia.

Umepata chumba, umejiandikisha. Bado kuna jambo moja ambalo hakuna mwongozo unaolitilia mkazo wa kutosha, ndiyo maana nimeliweka kwenye kichwa cha habari. Sisi tumezoea S.L.P.: barua inakwenda posta, unaifuata. Huku tarishi huja hadi mlangoni, ila kwa kawaida anwani haina namba ya chumba. Ina mtaa na namba ya jengo basi. Tarishi anasoma majina kwenye masanduku ya barua, na lako asipoliona anairudisha. Msichana mmoja kutoka Mombasa alisubiri kadi yake ya benki karibu mwezi mzima. Benki ilikuwa imeituma mara mbili, na mara zote mbili ilirudi na maelezo kwamba mpokeaji hajulikani. Tukakata kipande cha karatasi, tukaandika jina, tukabandika kwa selotepu. Baada ya siku chache kadi ikafika, na namba yake ya siri ikafuata katika bahasha ya peke yake.

Andika jina la mwisho kama lilivyo kwenye pasipoti. Sisi wenye majina matatu, la kwako, la baba na la babu, tuna mazoea ya kubadilisha: hapa unatumia la baba, kule la babu. Huku kompyuta ya bima, ya benki na ya chuo zote zinataka herufi zilezile kwa mpangilio uleule. Chagua kilichoandikwa kwenye pasipoti na usikiache mpaka urudi nyumbani.

Fedha. Kwa viza ya masomo utatakiwa kuonyesha kwamba unaweza kujikimu, kwa barua ya ufadhili au kwa akaunti maalumu iliyozuiwa. Tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 992 kwa mwezi, yaani euro 11,904 kwa mwaka mzima. Neno "kuzuiwa" ulielewe vizuri: fedha ni zako lakini zinatoka kwa mwezi, na hazianzi kutoka mpaka umefika na umekamilisha taratibu. Huo mwezi wa kwanza, ambao ndio wenye amana, kodi, bima, ada ya muhula na sufuria, unaugharimia kwa fedha nyingine. Mimi huwaambia watu wasishuke na chini ya euro 1,500 wanazoweza kuzitumia siku hiyohiyo, na kidogo katika hizo ziwe noti, maana bado kuna mahali pasipopokea kadi.

Kuna tofauti nyingine inayowachanganya waliolelewa na M-Pesa. Kwetu mlipaji ndiye anayetuma. Huku mara nyingi unatia saini, halafu bima au mwenye hosteli anajichotea mwenyewe kwenye akaunti yako kila mwezi. Akikuta haina kitu, unalipishwa gharama ya safari ile ya bure. Jua tarehe zao.

Bima ya afya ni lazima, chuo hakikusajili bila hiyo. Walio chini ya miaka 30 wanaweza kuingia bima ya umma kwa kati ya euro 140 na 150 hivi kwa mwezi, kwa viwango vya 2025, na kampuni ya bima inakipelekea chuo taarifa kwa njia ya kompyuta. Kama mfadhili amekukatia bima binafsi, usitupe karatasi zake. Lakini ukichagua mwenyewe kujitoa kwenye bima ya umma kwa sababu ya ile ya bei poa, elewa kwamba uamuzi huo haufutiki kwa muda wote wa masomo hayo. Kwa muhula mmoja si neno. Kwa anayewaza kubaki na kuendelea na shahada ya pili, ni vizuri aulize kwanza.

Saa nazo zina mambo. Mjerumani akisema halb zehn, neno kwa neno ni "nusu kumi", na maana yake ni nusu ya kuelekea kumi: tisa na nusu kwa saa zao, saa tatu na nusu asubuhi kwa zetu. Nimeona watu wakifika saa nne na nusu, wamechelewa saa nzima na wanatabasamu. Kisha kuna herufi mbili kwenye ratiba, c.t., ambazo ni Kilatini na maana yake ni kwamba kipindi kinaanza robo saa baada ya muda ulioandikwa. Kikiandikwa s.t., kinaanza palepale. Mhadhara ukiisha wanafunzi hugonga meza kwa vifundo vya vidole. Usiogope, ndiyo makofi yao.

Kwenye vyuo vikuu vingi muhula wa baridi unaanza rasmi tarehe 1 Oktoba, mihadhara katikati ya mwezi huo, na kati ya tarehe hizo mbili kuna wiki ya utambulisho ambayo usiikose kwa sababu yoyote. Na mtihani hauji wenyewe. Kwa kawaida unajiandikisha kwa kila mtihani kwenye mfumo wa chuo, kwa tarehe zilizopangwa, mara nyingi katikati ya muhula wakati kila mtu amesahau. Asiyejiandikisha hafanyi mtihani, hata kama hakukosa darasani hata siku moja.

Mizigo sina mengi ya kusema. Plagi ya pini tatu za bapa haiingii ukutani huku, njoo na adapta mbili. Nyama na maziwa vya nyumbani, hata vikiwa vimekaushwa, forodha itavichukua. Koti zito linunue Karume au Gikomba kabla hujaondoka: mitumba mingi ilitoka Ulaya, nawe utalirudisha koti kwao likiwa limeshaona dunia.

Wiki chache baada ya kujiandikisha utapata barua inayodai euro 18.36 kwa mwezi kwa ajili ya redio na televisheni, hata kama huna redio wala televisheni. Wengi huitupa wakidhani ni utapeli. Si utapeli. Ila malipo ni kwa nyumba, si kwa kichwa, kwa hiyo mkiwa wanne kwenye nyumba moja na mwenzenu tayari analipa, ijibu barua hiyo kwa kusema hivyo pamoja na namba ya malipo ya mwenzako, kisha mgawane.

Ukiondoka, jiondoe kwenye daftari la mji, na lile la redio ulifunge kivyake, la sivyo linaendelea kuhesabu. Akaunti ya benki usiifunge siku ya kuondoka. Amana hairudishwi siku unayokabidhi funguo, mwenye nyumba hukaa nayo kwa muda akipiga hesabu za maji na joto, na kuipokea kwenye akaunti ya Ujerumani ni rahisi kuliko kumwomba aitume Mwanza.