Harufu ya asili katika mafuta na sabuni za nyumbani: tazama kwanza kinachoibeba

Swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi na watu wanaojitengenezea mafuta ya kujipaka, zeri au sabuni nyumbani ni kwa nini vitu vyao havinukii, au kwa nini vilinukia vizuri siku ya kwanza kisha baada ya muda mfupi vikabaki na harufu ya mafuta matupu. Huja kwenye karakana yangu hapa Nakuru na chupa mkononi, wakitarajia niwatajie mmea wenye nguvu kuliko ule waliotumia. Mimi, kabla ya kuuliza habari za mmea, huuliza kilichoubeba: ulitiwa kwenye maji, kwenye mafuta, au kwenye sabuni ambayo soda yake (caustic soda) ilikuwa bado kali? Karibu kila mara jibu huwa limejificha hapo.

Harufu ya mmea hutokana na chembe nyepesi zinazoruka hewani kwa urahisi, na nyingi kati ya chembe hizo hupatana na mafuta kuliko maji. Anayechemsha mchaichai kwenye sufuria isiyofunikwa huifurahia harufu inayojaa jikoni, bila kukumbuka kwamba hiyo inayojaa jikoni ndiyo hiyo hiyo aliyotaka ibaki kwenye chupa. Yale maji akiyachuja na kuyamimina kwenye mafuta ya nazi, hayachanganyiki. Hukaa chini, na penye maji pasipo kihifadhi huota ukungu na bakteria. Maji ya waridi, juisi ya ndimu na chai ya majani yoyote yale yana nafasi yake katika losheni iliyounganishwa vizuri na kutiwa kihifadhi, lakini katika mafuta matupu, zeri au mafuta ya mgando hayana kazi yoyote isipokuwa kuyaharibu.

Njia nyepesi kwa anayeanza ni kuloweka mmea mkavu katika mafuta. Nitaeleza mchaichai kwa sababu unapatikana kwa fungu katika Soko la Wakulima hapa Nakuru na Kibuye kule Kisumu, tena kwa bei isiyomtia mtu hofu ya kujaribu. Majani huoshwa, hutandazwa kivulini kwenye chujio pana au wavu, na kugeuzwa kila siku mpaka jani likikunjwa livunjike kwa sauti badala ya kupinda. Ubichi wowote unaosalia ni maji, na nimekwisha kusema maji hufanya nini. Majani hayo hukatwa vipande vifupi, hutiwa kwenye mtungi wa kioo uliokauka kabisa, kisha hufunikwa kwa mafuta ya alizeti au ya nazi hadi yazame yote. Mtungi uliofungwa kifuniko chepesi huwekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto wa chini kwa saa mbili au tatu, mafuta yakiwa na joto la nyuzi 40 hadi 50, yaani unaweza kuugusa mtungi bila kuurusha mkono. Nakuru iko juu ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na maji yetu huchemka karibu na nyuzi 94, lakini hata hizo ni nyingi mno kwa kazi hii.

Baada ya kuchuja kwa kitambaa cha melimeli, kamua majani, yatupe, weka majani mengine makavu ndani ya mafuta yale yale, na urudie. Mzunguko wa pili na wa tatu ndio unaoleta harufu inayotambulika. Hata hivyo ni lazima niseme wazi kwamba mafuta ya namna hii hunukia kwa upole, kwa karibu, na hayatamgeuza mtu shingo barabarani. Anayetaka mafuta yanayotangulia mlangoni kabla ya mwenyewe hajaingia atafute njia nyingine. Karafuu nzima, iliki iliyopondwa kidogo, rosemeri na kahawa iliyokaangwa hukubali kulowekwa vizuri kuliko majani mengi. Vanila pia hukubali, na sisi wa magharibi tuna bahati kwamba jirani yetu Uganda huilima. Ganda hupasuliwa, mbegu hukwanguliwa, na vyote viwili huachwa kwenye mafuta ya uvuguvugu kwa wiki kadhaa.

Kabla hujaongeza chochote, nusa mafuta yenyewe. Siagi ya kakao isiyosafishwa inanukia chokoleti. Nta ya nyuki inabeba harufu ya asali, na nta nyeusi ya mizinga ya magogo inabeba moshi pia. Siagi ya shea isiyosafishwa ina harufu nzito ya kokwa, na nimeona watu wakihangaika kuifunika kwa maua, jambo lisilowezekana kwa kiasi kilicho salama kwa ngozi. Shea hiyo ipatanishe na kahawa, vanila au ubani, ambavyo huifanya ionekane imekusudiwa. Na kama unataka maua, nunua iliyosafishwa.

Hatua inayofuata ni mafuta tete, yaani yale yanayopatikana kwa kupitisha mvuke kwenye majani au maua, kisha kuupoza mvuke huo ili mafuta yajitenge na maji, kazi inayoitwa kukeneka. Hapa magharibi na katika Bonde la Ufa tuna hazina ambayo wengi huipita wakikimbilia lavenda ya dukani. Chukua leleshwa. Kichaka hiki chenye majani ya kijivu kimejaa kandokando ya Ziwa Nakuru, Elementaita na kuelekea Naivasha, na wengi wetu tunakijua kwa mkaa tu. Lichume jani moja, ulitazame upande wa chini ulivyo mweupe wenye manyoya laini, kisha ulisugue viganjani: kwanza inakuja kafuri, kali na ya baridi, halafu ikitulia unapata kitu kama majani makavu baada ya mvua. Wamaasai wametumia majani haya tangu zamani kwa kuyaweka kwapani, na mimi sijaona harufu inayofaa zaidi kwa sabuni ya kuogea ya wanaume au zeri ya miguu. Mafuta yake hukenekwa hapa hapa nchini.

Pembeni mwa Msitu wa Kakamega, kikundi cha wakulima cha Muliru hulima aina ya mrihani wenye harufu ya kafuri, ambao wataalamu huuita Ocimum kilimandscharicum, hukeneka mafuta yake na kutengeneza zeri ya kuchua inayouzwa kwa jina la Naturub. Kazi yao ilituzwa Equator Prize, tuzo ya Umoja wa Mataifa, mwaka 2010. Ninawataja kwa sababu wanaonyesha jambo la kiufundi: walichagua harufu inayofaa kitu chenyewe. Kafuri katika zeri ya kuchua iko nyumbani kwake. Katika mafuta ya uso ingekuwa mgeni, na karibu na pua ya mtoto mchanga ingekuwa hatari, kama ilivyo kwa mkaratusi. Vitu vya watoto wachanga mimi sivitii harufu yoyote.

Kuna mti mmoja ambao siutumii, na ninawaomba wenzangu wasiununue hata ukiletwa mlangoni usiku kwa bei ya kutupa. Ni msandali wetu wa Afrika Mashariki, Osyris lanceolata. Mafuta yake hukaa sana kwenye mti wa ndani na mizizi, kwa hiyo wavunaji huung'oa mzima. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uvunaji na biashara yake mwaka 2007, na mwaka 2013 ukawekwa kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Anayetaka harufu nzito ya kushikilia nyingine zisiruke upesi atapata nafuu kwa ubani na manemane kutoka kaskazini mwa nchi, ambavyo huvunwa kama utomvu huku mti ukiendelea kusimama. Ubani husagwa, huwekwa kwenye mafuta ya uvuguvugu kwa muda mrefu, na huchujwa. Sehemu tu ya utomvu ndiyo huyeyuka, lakini inatosha kuipa zeri kina. Na Kisumu, ambako jua hurusha harufu za ndimu na machungwa kwenye ngozi mapema sana, msingi huo mzito unahitajika kuliko huku kwetu kwenye baridi.

Waridi ni habari nyingine kabisa. Kwa kuwa Naivasha iko karibu, mara nyingi huletewa ndoo za waridi zilizokataliwa na mashamba, na dada mmoja aliniuliza kwa uchungu kwa nini alijaza mtungi mara nne bila kupata kitu. Waridi hizo zilizalishwa ili zisafiri mbali na zikae siku nyingi kwenye chombo cha maua, na katika uteuzi huo harufu nyingi ilipotea njiani. Zaidi ya hayo hupuliziwa dawa za wadudu na ukungu ambazo hazikukusudiwa kupakwa usoni. Waridi la manukato ni la jamii nyingine, na hata hilo huhitaji takriban kilo 3,500 hadi 4,000 za maua kutoa kilo moja ya mafuta tete, kwa hiyo chupa ya bei rahisi iliyoandikwa waridi asilia ina uwezekano mkubwa wa kuwa kitu kingine.

Kwa maua mepesi kama asumini, ambayo joto la mvuke huyaharibu, iko njia ya subira iliyotumika sana zamani huko Grasse, Ufaransa, na ambayo jikoni inawezekana bila mashine yoyote. Pakaza mafuta yaliyoganda, yasiyo na harufu, kwenye sahani pana ya kioo, kwa unene wa kidole kidogo. Chuma asumini jioni inapofunguka, ikiwa kavu bila umande, ipange juu ya mafuta ikitazama chini, na uifunike kwa sahani nyingine. Ua lililochumwa huendelea kutoa harufu kwa saa nyingi, na mafuta huinywa. Kesho yake yaondoe maua yote kabla hayajageuka rangi, kwa sababu ua linalooza hunukisha uozo wake vile vile, kisha weka mengine. Endelea mpaka mafuta yenyewe yanukie bila maua. Hapa Nakuru mafuta ya nazi mara nyingi hubaki yameganda. Kisumu huyeyuka, kwani hulainika kwenye nyuzi 24 au 25 tu, hivyo tumia shea iliyosafishwa.

Sasa kipimo, ambacho ndicho kinachotofautisha fundi na mtu wa kubahatisha. Neno asilia halimaanishi pole. Mafuta tete ni nguvu ya kapu zima la majani ndani ya kijichupa, nayo huweza kuchoma ngozi na kuiletea mzio usiokwisha. Kwa mafuta ya mwili sizidi asilimia 2, yaani gramu 2 katika gramu 100, na kwa uso asilimia 1 au chini yake. Pima kwa mizani ndogo ya kidijitali, wala si kwa matone, maana tone la chupa hii si tone la chupa ile. Mafuta ya mchaichai yana sitrali nyingi, yaani chembe inayoyapa harufu ya kindimu, kwa kawaida kati ya asilimia 65 na 85, na sitrali huwasha. Mimi huyaweka chini ya asilimia 0.7. Karafuu haivuki asilimia 0.5. Mafuta ya gome la mdalasini siyatii kabisa kwenye kitu kinachobaki mwilini. Mjamzito aulize kwanza kliniki. Na kila mchanganyiko mpya upakwe kidogo ndani ya kiwiko na kuachwa saa 24 hadi 48 kabla ya kuuzwa au kugawiwa.

Ndimu inahitaji onyo lake peke yake. Mafuta yaliyokamuliwa kutoka ganda la ndimu, pamoja na juisi yake inayopakwa moja kwa moja, yana furanokumarini, ambazo zikikutana na jua kwenye ngozi huleta malengelenge na mabaka meusi yanayochukua miezi kufifia. Mafuta ya ndimu yaliyokenekwa kwa mvuke hayana tatizo hilo, kwa kuwa chembe hizo ni nzito na hubaki nyuma. Muulize muuzaji ni yapi anayokupa. Akishindwa kujibu, usinunue. Vyovyote iwavyo, mafuta ya jamii ya machungwa huchakaa upesi yakiguswa na hewa na mwanga, na yakichakaa huwasha zaidi, kwa hivyo yakae kwenye chupa ya kahawia ndani ya friji na yasipite mwaka.

Sabuni ya kipande ina kanuni zake. Soda kali pamoja na joto huila harufu, na machungwa ndiyo ya kwanza kutoweka. Katika sabuni isiyopikwa, tia mafuta tete inapoanza kuwa nzito kama uji mwepesi, takriban gramu 30 kwa kila kilo ya mafuta, isipokuwa kwa yale makali niliyotaja. Katika sabuni ya kupikwa, subiri iive na ipoe kidogo. Leleshwa, rosemeri na mkaratusi hustahimili wiki nne hadi sita za kukausha. Karafuu huigandisha sabuni ghafla sufuriani, basi iwe ya mwisho na kalibu ziwe tayari. Vanila huigeuza kahawia, na hakuna cha kufanya ila kuipenda rangi hiyo.

Anayefikia kuuza dukani atahitaji alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Lebo itaje kila kilichomo, yakiwemo majina ya chembe za harufu kama linalooli, limonini, sitrali, jeranioli na yujenoli, ambazo Umoja wa Ulaya huzidai kwenye lebo zikizidi asilimia 0.001 katika vitu vya kubaki mwilini na asilimia 0.01 katika vile vya kuoshwa. Mnunuzi mwenye mzio husoma sehemu hiyo kwanza.