Teke la bunduki na mwindaji mpya: yanayosemwa Liwale na yalivyo

Juni ikiingia, nyasi za Liwale zinakauka na hadithi za uwindaji zinaanza barazani. Msimu unafunguliwa Julai. Kijana aliyepata leseni ya bunduki kwa mara ya kwanza hakosi walimu: kila mzee ana lake la kumwambia, na mengi kati ya hayo yanamharibu. Ninasema hivyo kwa sababu nimemfundisha mpwa wangu, na nusu ya kazi ilikuwa kumtoa aliyokwisha kujazwa.

"Anza na bunduki kubwa. Ukiizoea hiyo, nyingine zote ni nyepesi." Hili ndilo limeharibu wengi. Vijana wetu wanaitamani .375 H&H, risasi nene iliyotoka Uingereza mwaka 1912 (namba inaeleza unene wake kwa inchi), kwa sababu wanawaza nyati. Kichwa chake cha kawaida kina uzito wa gramu 19 hivi, na teke lake, ule msukumo wa bunduki kurudi begani, ni karibu mara mbili ya lile la .30-06, risasi ya kawaida ya kuwindia. Ukipigwa begani mara tatu nne kabla hujajua kushika kitako vizuri, mwili unajifunza kujihami. Mlio haujatoka, lakini jicho limeshafumba, bega limeshasukuma mbele, mtutu umeshashuka. Risasi inatimua vumbi chini ya shabaha, na mwenyewe anailaumu darubini.

Mpwa wangu alifika hapo hapo. Tulikuwa kwenye uwanja wa shabaha ulioruhusiwa, nyuma ya shabaha kuna tuta refu la udongo. Nikamwambia bunduki nitaijaza mimi, yeye atazame pembeni. Mara nilitia risasi halisi, mara risasi bandia isiyo na baruti. Ilipofika zamu ya bandia kilisikika "ka" tu, lakini mtutu ulishuka kama umevutwa kwa kamba.

"Mjomba, imegoma."

"Haijagoma. Umeuona mtutu ulivyokwenda?"

Alinyamaza. Nilikuwa nimemweleza jambo hilo tangu asubuhi akikataa, na sasa amelishuhudia kwa macho yake. Tukaiweka .375 ndani, tukarudi kwenye .22, bunduki ndogo ambayo teke lake hata mtoto halimsumbui, na hapo akajifunza mambo mawili tu: kuvuta triga taratibu hadi mlio umshtue mwenyewe, na kuvuta wakati pumzi imetoka na kifua kimetulia. Wiki mbili baadaye tuliirudia kubwa, risasi tatu kwa siku, hazizidi. Wapo wanaopiga ishirini kwa asubuhi moja wakidhani ndiyo bidii. Baada ya ile ya tano bega limechoka, mtutu umepata moto, na kinachofanyiwa mazoezi hapo ni woga.

Na masikio. "Mwanaume hazibi masikio" ni maneno yanayowafanya wazee wetu wengi tuwaite mara tatu ndipo waitike. Mlio unaofikia desibeli 140 unaweza kuumiza sikio kwa mara moja, na bunduki ya aina hii inapita hapo kwa mbali. Sikio likishaharibika hivyo halirudi. Isitoshe, wanaoruka bunduki inapolia mara nyingi hawaogopi teke, wanaogopa kishindo. Ziba masikio uone mkono unavyotulia.

Kuna wanaosema kuvuta triga bila risasi kunaharibu bunduki. Kwa .22 wana haki, kwa kuwa pini yake hugonga ukingo wa ganda, na ganda lisipokuwepo inaweza kugonga chuma cha chemba, lile tundu inamokaa risasi. Bunduki za zamani za mitutu miwili nazo zisichezewe hivyo. Lakini bunduki ya kisasa ya risasi kubwa haidhuriki. Hakikisha kwa jicho na kwa kidole kwamba chemba ni tupu, risasi zote ziwe chumba kingine, elekeza mtutu kwenye ukuta mnene wa udongo usio na mtu nyuma yake, kisha vuta triga mara kumi kila jioni. Hakuna zoezi la bei nafuu kuliko hilo.

"Risasi ikitoka hupanda kwanza." Haipandi. Ikishatoka mtutuni huanza kuanguka papo hapo kama jiwe lililoachiwa. Ya .375 hufika mita 100 kwa muda kama wa robo ya nusu sekunde, na tayari imeanguka karibu sentimita 9. Inaonekana kupanda kwa sababu mtutu wenyewe umeinuliwa kidogo kuliko mstari wa jicho.

Hatari zaidi kwa miombo yetu ni ile dhana kwamba risasi nzito "inakula vichaka". Kijiti kinene kama kidole kinatosha kuipotosha risasi yoyote, nzito kwa nyepesi, na matokeo yake ni mnyama aliyepigwa tumboni anayekwenda kufa siku ya pili mnakoshindwa kumfuata. Kama ni nyati, aliyejeruhiwa ndiye huua watu.

Suala la dawa za kienyeji za kumkinga mwindaji ninaligusa kwa heshima. Mkoa huu wa Lindi ndio wa Umatumbi, ambako vita vya Maji Maji vilianzia mwaka 1905, na tunajua watu wanavyoingia hatarini wakiamini risasi itageuka maji. Akikupa mzee mizizi ya kunawa kabla ya kuingia porini, nawa. Ila haitakushikia mtutu.

Na leseni ya bunduki si kibali cha kuwinda. Silaha ina sheria yake ya mwaka 2015, wanyamapori wana yao ya mwaka 2009, na hakuna inayokuruhusu kujaribia bunduki shambani kwa sababu ni lako. Hata risasi ya ile .22 inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu, na huko kuna mtu anarina asali.

Umbali wa kupiga tuliupata kwa sahani ya karatasi, upana wa sentimita 20, kama eneo la moyo na mapafu ya mnyama wa wastani. Bunduki juu ya fimbo tatu zilizofungwa pamoja, umesimama, kama itakavyokuwa porini. Pale ambapo risasi tano kati ya tano zinaingia sahanini ndipo mwisho wako. Mpwa wangu mwisho wake ulikuwa mita 80.

Wiki ya kwanza ya msimu alimwona kongoni dume, amesimama ubavu, hakuna kijiti kati yao. Aliweka bunduki kwenye fimbo, akakaa hivyo kwa muda, kisha akaishusha. Kongoni alipoondoka tulikwenda mpaka alipokuwa, yeye akihesabu hatua kwa sauti. Zilikuwa 140.